Uzi maalumu: Bustani, misitu na njia za miguu za Chuo Kikuu cha Oxford. Uanzie wapi, na nini huharibu safari

Mlinzi wa Mbegu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu.

Kila mwaka ukikaribia msimu wa joto wa Uingereza swali hurudi lilelile: "Napita Oxford, nione nini zaidi ya majengo?" Majibu yametawanyika kwenye nyuzi kumi tofauti, na mengine ni ya kubahatisha. Tuyakusanye hapa.

Kwanza mjue kwamba Oxford haina kampasi moja yenye geti na uzio, kama Mlimani pale Dar. Chuo kimechanganyika na mji. Kwa hiyo hata maeneo yake ya nje yako mbalimbali, na kila moja lina utaratibu wake wa kuingia. Kwa mgeni yapo manne ya maana.

Oxford Botanic Garden iko High Street, mkabala na Magdalen College, kando ya mto Cherwell. Ilianzishwa mwaka 1621 na ndiyo bustani ya mimea kongwe kuliko zote Uingereza. Ni ndogo, hekta 1.8 hivi, na ina kiingilio.

University Parks ni uwanja wa kijani wa hekta 28 hivi, mwendo wa robo saa kutoka hapo. Bure.

Harcourt Arboretum ni bustani ya miti ya hekta 53, nje ya mji kwenye kijiji cha Nuneham Courtenay, maili 6 hivi kusini. Kiingilio kipo.

Wytham Woods ni msitu wa utafiti upande wa kaskazini-magharibi. Ni bure, lakini huingii bila kibali ulichoomba kabla.

Kosa ninaloliona zaidi ni mtu kupanga Botanic Garden na Harcourt siku moja kwa sababu zote "ni za chuo". Ukitoa muda wa kusubiri basi kwenda na kurudi, unabaki na saa moja moja kila mahali, na Harcourt ya saa moja ni hasara tupu. Siku moja inatosha vizuri Botanic Garden, University Parks na Mesopotamia (njia ya miguu kando ya mto, kusini mwa Parks), kwa miguu. Harcourt ipe nusu siku yake.

Kufika: anayetoka London kwa basi la Oxford Tube asisubiri kituo cha mwisho cha Gloucester Green. Ateremke St Clement's, avuke daraja la Magdalen, bustani iko mkono wa kushoto baada tu ya daraja. Akipitiliza, ateremke Queen's Lane, hapohapo High Street, arudi nyuma dakika chache. Treni zinatoka Paddington na Marylebone, saa moja hivi, ila kutoka stesheni mpaka bustanini ni karibu nusu saa kwa miguu. Mwenye gari asiingie nalo katikati ya mji. Bustani haina maegesho, na ya mjini ni ghali. Aache gari kwenye mojawapo ya vituo vya pembezoni (Thornhill, Redbridge, Seacourt, Pear Tree au Oxford Parkway), apande basi.

Wenye ujuzi wa kila eneo shukeni chini hapa.

---

Mzalendo_Dodoma

Shukrani mkuu. Maswali mawili. Sisi tunafika katikati ya mwezi wa 12, je, kuna cha kuona? Na tuna mama wa miaka 78 anayetumia kiti cha magurudumu, wapi patamfaa?

---

Mlinzi wa Mbegu

Karibu mkuu. Mwezi wa 12 adui si baridi, adui ni giza. Huku kwetu jua huzama saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima, kwa hiyo mtu hapangi ratiba kwa kufuata jua. Oxford katikati ya Desemba jua huzama kabla ya saa 10 jioni. Katikati ya Juni huzama karibu saa 3 na nusu usiku. University Parks hufungwa giza likianza kuingia, kwa hiyo saa ya kufunga huhama mwaka mzima, na huandikwa kwenye ubao getini. Isome unapoingia. Botanic Garden nayo majira ya baridi hufunga saa 10 jioni, na tiketi za mwisho hutolewa kabla ya hapo. Ukifika saa 9 umechelewa. Angalia pia tarehe, maana karibu na Krismasi hufungwa kwa siku kadhaa.

Hizo saa nimezitaja kwa Kiswahili. Kwenye tovuti na mabango ya kule saa 10 jioni itaandikwa 4pm au 16:00. Msichanganye, kuna watu hukosa kuingia kwa hili tu.

Kwa mama: Botanic Garden ni tambarare, na njia za ndani ya ukuta ni pana na ngumu. University Parks pia ni tambarare. Njia ya Mesopotamia msimpeleke Desemba, ina tope. Na mwezi huo anzeni na nyumba za vioo. Mle ndani kuna joto, na mimea imechanua wakati nje matuta mengi yamelala.

---

Kitulo

Niongeze kuhusu Botanic Garden, maana wengi huizunguka dakika 20 wakatoka wakisema "ni matuta tu". Ni matuta kweli, ila yamepangwa kama maktaba.

Sehemu ya ndani ya ukuta ndiyo ya zamani. Eneo lile ni bondeni kando ya mto, hivyo kabla ya kupanda chochote ilibidi ardhi iinuliwe kwa maelfu ya mizigo ya samadi na taka. Kabla ya hapo sehemu ya ardhi hiyo ilikuwa makaburi ya Wayahudi wa Oxford, mpaka walipofukuzwa Uingereza mwaka 1290. Kuna jiwe la kumbukumbu upande wa lango, msipite bila kulisoma. Lango kubwa la mawe lilitengenezwa na Nicholas Stone miaka ya 1630, kwa fedha za Earl of Danby.

Matuta ya ndani hufuata koo za mimea. Tuta moja ni la ukoo wa kunde, jingine la ukoo wa alizeti, na kadhalika. Chukua tuta moja, tafuta kinachofanana kati ya mimea yote iliyomo: ua lina petali ngapi, majani yanakaa mawilimawili au yanapishana, tunda ni ganda au ni nyama. Ukifanya hivyo kwa koo tatu tu, utatoka umejifunza kitu ambacho kitabu hukieleza kwa sura nzima.

Jifunze kusoma kibao. Kwa kawaida kina jina la ukoo, jina la Kilatini, mahali mmea unapotoka porini, na namba ya usajili. Kwenye bustani nyingi za mimea tarakimu za mwanzo za namba hiyo huonyesha mwaka mmea ulipoingia. Ukipiga picha ya ua, piga na kibao chake, la sivyo jioni utakuwa na picha 200 usizozijua.

Mti wa kuutafuta ni Taxus baccata uliopandwa mwaka 1645 na Jacob Bobart, mtunzaji wa kwanza. Ndio mkongwe kuliko yote humo. Wazazi, waangalieni watoto wasiokote mbegu zake. Tunda jekundu linavutia, lakini mbegu na majani vina sumu kali.

Nje ya ukuta kuna Merton Borders, matuta makubwa yaliyooteshwa kwa kumwagia mbegu moja kwa moja badala ya miche. Mimea imechaguliwa kutoka nyanda kavu za Marekani, milima ya Afrika Kusini, na ukanda wa Ulaya ya kusini hadi Asia, ili iishi bila kumwagiliwa. Aliyewahi kufika Kitulo kule Njombe atazitambua Kniphofia, yale maua marefu kama mwenge. Hizi ni ndugu zake. Julai hadi Septemba ndiyo kilele. Ukienda Machi unakuta yamekatwa hadi chini. Hakuna kilichokufa hapo, ndivyo yanavyotunzwa.

---

Binti Saadani

Kaka Kitulo, na lile yungiyungi kubwa lenye majani kama sinia? Kuna mtu alisema alikwenda akakuta bwawa halina kitu.

---

Kitulo

Dada, alikwenda mwezi gani? Hilo ni Victoria cruziana, asili yake mito ya Paraguay na Argentina. Kule Oxford huoteshwa upya kwa mbegu kila mwaka, kwa sababu halivumilii siku fupi za majira ya baridi hata maji yakipashwa moto. Kwa hiyo Februari hakuna, Aprili ni vijani vidogo, na Julai mpaka Septemba ndipo majani yanapojaa bwawa. Ua huchanua usiku likiwa jeupe, na usiku wa pili hugeuka waridi. Mgeni wa mchana hulikuta limefunguka nusu, na rangi itamwambia ni la usiku wa kwanza au wa pili. Inama utazame upande wa chini wa jani, ule uliokunjwa pembeni: mishipa minene yenye miiba, iliyojengwa kama paa la mabati na kenchi zake. Hiyo ndiyo siri ya jani kubwa vile kutozama.

Na kamera, dada: ukitoka kwenye baridi ukaingia nyumba ya vioo yenye joto na unyevu, lenzi hufunga ukungu papo hapo. Usiifute kwa kitambaa, utapaka tu maji. Iache ndani ya begi lililofungwa dakika 10 ipate joto taratibu, kisha itoe. Na miwani ni hivyohivyo.

---

Teleka

Mimi nizungumzie University Parks na Mesopotamia, na ndege.

Kutoka Botanic Garden vuka High Street, shika Longwall Street, halafu St Cross Road mpaka inapokutana na South Parks Road. Dakika 15. Ndani ya Parks hakuna kuendesha baiskeli, na hakuna kuchoma nyama. Chakula cha baridi na mkeka ruksa. Kuna uwanja wa kriketi wa chuo ambapo watazamaji hawatozwi. Elekea mtoni mpaka kwenye daraja la upinde mkali kama mgongo wa ngamia. Lilijengwa miaka ya 1923 na 1924 ili kuwapa kazi watu wasiokuwa na ajira.

Kutoka hapo fuata mto kuelekea kusini uingie Mesopotamia. Jina ni la Kigiriki, "kati ya mito", na ndivyo palivyo: ukanda mwembamba wa ardhi, mkono mmoja wa Cherwell upande huu ukiwa juu kidogo, mwingine upande ule ukiwa chini. Ni kama mita 800, kivuli mwanzo hadi mwisho. Unatokea King's Mill, unapanda hadi Marston Road, unageuka kulia kushuka St Clement's, na umerudi daraja la Magdalen. Mzunguko mzima kutoka Botanic Garden na kurudi ni saa moja na nusu hadi mbili kwa mwendo wa kuangalia vitu.

Kinachokwamisha hapa ni maji. Novemba mpaka Machi Cherwell hufurika, na njia hugeuka tope au hufunikwa kabisa. Ukikuta geti limefungwa usiruke. Zunguka kwa South Parks Road urudi ulikotoka. Viatu vya ngozi visivyo na meno chini viache hotelini.

Sasa ndege. Kando ya Parks, upande wa Parks Road, kuna jumba la makumbusho ya viumbe la chuo. Kuingia ni bure, vyoo viko ndani, na mvua ikinyesha ndipo pa kukimbilia. Kwenye mnara wake huzaliana teleka, wale ndege weusi wenye mabawa kama mundu ambao wengi huwachanganya na mbayuwayu. Wamekuwa wakichunguzwa pale tangu mwaka 1948. Hufika mwanzoni mwa Mei na kuondoka mwanzoni mwa Agosti, na miezi iliyobaki wako Afrika, kuanzia misitu ya Kongo hadi upande wetu wa mashariki. Simama nje jioni yenye utulivu mwezi Juni au Julai, uwatazame wakizunguka mnara kwa kasi wakipiga kelele. Kwa mimi hakuna kivutio cha bure Oxford kinachozidi hicho. Agosti 20 ukienda, hukuti hata mmoja.

---

Kasia

Kuna jambo limesahaulika: mto wenyewe. Pale daraja la Magdalen hukodisha mashua bapa zinazosukumwa kwa upondo. Wapwani msidhani ni sawa na kusukuma mtumbwi kwenye mkoko. Mambo ni haya.

Oxford msukumaji husimama ndani ya mashua, upande ulioinama, na ile sehemu yenye ubao bapa wa kufunika ndiyo huwa omo, yaani mbele. Cambridge wanafanya kinyume, wanasimama juu ya ubao. Kwa mwanafunzi mtindo wa Oxford ni salama zaidi, kwa sababu una kingo mbili za kuzuia miguu.

Uinue upondo wima karibu kabisa na ubavu wa mashua, uuache uanguke wenyewe mpaka uguse chini, ndipo usukume kwa kuushika mkono juu ya mkono kama anayepanda kamba. Ukifika mwisho, uzungushe kidogo kabla ya kuuvuta, ili tope liachie. Kisha uache uelee nyuma yako na uutumie kama usukani: ukiupeleka kulia, tezi (nyuma ya mashua) husogea kushoto na omo hugeuka kulia.

Watu huanguka kwa sababu moja kubwa. Upondo umekwama kwenye tope, mashua inaendelea kwenda, na mtu hataki kuuachia. Uachie. Kila mashua ina kasia, mwenzako apige makasia mrudi kuufuata. Sababu ya pili ni matawi ya miti: ukiinua upondo chini ya tawi utanasa. Tazama juu kabla ya kuinua. Baada ya mvua kubwa, mto ukiwa na kasi, mashua hazikodishwi.

---

Mzalendo_Dodoma

Na Harcourt, wakuu? Mbona chuo kina bustani mbili?

---

Kitulo

Swali zuri, na jibu lake liko kwenye udongo. Udongo wa Botanic Garden una chokaa. Mimea kama Rhododendron na azalia ikipandwa humo hushindwa kufyonza madini ya chuma, majani hugeuka njano na mishipa pekee hubaki kijani. Nuneham Courtenay udongo ni wa mchanga wenye asidi, na mimea hiyo hustawi. Miti ya zamani pale ilianza kupandwa mwaka 1835, wakati ni mali ya familia ya Harcourt. Chuo kilipata eneo hilo mwaka 1947.

Msimu ni wa kuchagua kwa makini. Mwisho wa Aprili hadi katikati ya Mei sakafu ya msitu hufunikwa na Hyacinthoides non-scripta, maua ya buluu mpaka macho yanachoka, na azalia hufuatia. Katikati ya Oktoba majani ya miti ya Acer hugeuka nyekundu na dhahabu. Majira yote unakuta Sequoiadendron giganteum. Mti huu una gome laini kama sifongo, libonyeze kwa kidole, ndiyo kinga yake dhidi ya moto. Na kuna tausi wanaotembea huru, msiwaache watoto wawakaribie wakiwa na chakula mikononi.

Kwenye maua ya buluu usitoke njiani kwa ajili ya picha. Hili nalisema kwa msisitizo. Anayekanyaga anavunja majani, na kitunguu cha chini hakina njia nyingine ya kujilisha mwaka huo. Sehemu iliyokanyagwa huchukua miaka kadhaa kurudi.

Basi ni yale yanayokwenda Wallingford na Reading, unateremka Nuneham Courtenay na kumalizia kwa miguu kando ya barabara kuu ya A4074. Magari hupita kwa kasi, kaeni kwenye njia ya miguu na watoto washikwe mkono. Kabla ya kuondoka Oxford piga picha ratiba ya basi la kurudi, hasa Jumapili. Mbwa hawaruhusiwi, isipokuwa wa kuwasaidia walemavu.

---

Teleka

Wytham nimalizie mimi. Raymond ffennell (herufi mbili ndogo, si kosa) na mkewe waliupatia chuo msitu huu mwaka 1943, na tangu 1947 ndege aitwaye Parus major anachunguzwa humo bila kukatika. Mtaona masanduku ya mbao kwenye miti, yako zaidi ya 1,000. Usifungue, usigonge, usisimame chini yake kwa muda mrefu Aprili hadi Juni. Ndege akishtuka akaacha mayai, data ya mwaka mzima ya kiota hicho imepotea.

Kibali ni bure, huombwa mtandaoni na hakitoki siku hiyohiyo. Omba wiki kadhaa kabla ya safari, uchapishe au uhifadhi kwenye simu. Mbwa na baiskeli haziruhusiwi. Siku za upepo mkali hufungwa, na si kwa kuogopa bure: miti mingi ya jenasi ya Fraxinus inakufa kwa ugonjwa wa kuvu, na matawi yake makavu hukatika bila onyo. Vaa suruali ndefu, chomeka kwenye soksi, na jioni kagua kupe nyuma ya magoti na kinenani. Kupe wa Uingereza huweza kubeba ugonjwa wa Lyme. Mng'oe kwa kibano, ukimshika karibu kabisa na ngozi na kumvuta wima. Usimpake mafuta wala kumchoma. Ukiona duara jekundu linalopanuka siku au wiki za baadaye, nenda kwa daktari umwambie ulikuwa msituni Uingereza. Usiposema, hapa nyumbani hatalifikiria.

---

Binti Saadani

Swali la mwisho toka kwangu. Kuna ua la njano linaota kwenye kuta na kando ya reli mjini kote, linafanana na alizeti ndogo. Ni la bustani?

---

Kitulo

Lilikuwa la bustani, dada. Senecio squalidus, asili yake miteremko ya volkano ya Etna kule Sicily. Lililetwa Botanic Garden, mbegu zake zenye manyoya zikaruka ukuta, likaota kwenye mawe ya majengo ya mji. Reli ilipofika Oxford mwaka 1844 likapata kokoto za njia ya treni, kavu na zenye joto kama majivu ya Etna, na upepo wa mabehewa ukazisukuma mbegu mbele. Hivi sasa liko sehemu kubwa ya Uingereza. Ukitoka bustanini, tazama nyufa za ukuta kuanzia Mei. Mara nyingi huna haja ya kwenda mbali.